Maduka Makubwa ya Kampala Yalienda Wapi? Mama Anajibu Barua Zenu

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu kabati la marehemu baba, lile la mvule alilonunua Kampala kabla mimi sijaanza shule, nikadhani yameisha, kumbe nimechokoza watu. Barua zimekuja kutoka Arua, Busia, Kasese, Bombo, wote wanauliza maduka, viti, vitanda, nani aliuza na nani alinunua. Basi safu ya mwezi huu yote ni ya maduka makubwa na samani. Kwa wageni: mimi nilikulia kambi ya polisi Nsambya, baba alikuwa afande, kambini tulikuwa Waacholi, Wateso, Walugbara, Wasamia, Kiswahili ndo kilituunganisha, na huko huko Nsambya maseremala walikuwa wanapiga randa toka asubuhi mpaka jua linazama, kwa hiyo hii mada kwangu sio ya vitabuni tu.

Mama, habari za siku. Mimi nimezaliwa 1998. Kwenye filamu za zamani za London naona duka lina ghorofa nne, chini manukato, juu nguo, juu zaidi vitanda na makochi, mtu anamaliza shida zake zote mle ndani. Kampala tuliwahi kuwa na duka la hivyo au sisi tulianza na mol ya Garden City? Msomaji, Bweyogerere.

Tuliwahi, mwanangu, ila lilikuja kwa njia yetu.

Hilo duka la kwenye filamu lilianza Ulaya karne ya 19, na linalotajwa sana ni Le Bon Marché la Paris ambalo Aristide Boucicaut alilishika kuanzia 1852. Jipya lake halikuwa ghorofa, jipya lilikuwa bei. Bei imeandikwa kwenye bidhaa, tajiri na maskini wanalipa sawa, unaingia unatazama unatoka bila kununua na hakuna anayekununia. London wakaja kufunguliwa Selfridges mwaka 1909. Weka hiyo akilini kisha uje Kampala.

Huku kwetu vitu vya dukani vilikuja kwa miguu kutoka pwani. Ahmed bin Ibrahim, mfanyabiashara Mwarabu, alifika kwa Kabaka Suuna, mfalme wa Buganda, mwaka 1844, na nyuma yake ikafuata misafara ya Waarabu na Waswahili, na ukitaka ushahidi wala usiende makumbusho, msikilize tu Muganda akitaja vitu vya nyumbani kwake: emmeeza, essowaani, ssefuliya, omukeeka, na pale anaponunulia anapaita edduuka. Meza, sahani, sufuria, mkeka, duka. Ni kama orodha ya mizigo ya msafara imebaki midomoni mwa watu mpaka leo, mimi hii kitu naipenda sana.

Sasa fikiria jambo moja. Mpagazi alibeba kama kilo 30 kichwani na safari ni zaidi ya kilomita 1,000. Kitambaa kinafungwa robota, kinabebwa. Shanga zinabebwa. Kabati la nguo nani atalibeba toka Bagamoyo? Ndo maana biashara ya nguo Uganda ilianza na vitu vya kuja, lakini samani ilibidi zitengenezwe hapa hapa, kwa mti wa hapa, na hiyo tofauti haijaisha mpaka leo, utaiona kwenye majibu mengine huko chini. Mmisionari Alexander Mackay alifika 1878 akawa anafundisha vijana useremala na uhunzi, na mwaka 1882 alipofariki Namasole Muganzirwazza, mama yake Kabaka Muteesa, ni Mackay aliyeitwa kutengeneza jeneza. Yaani kazi kubwa ya mbao inayokumbukwa zaidi ya enzi zile ni jeneza la malkia.

Aliyekuja kuwa na kitu cha kuitwa duka kubwa kweli kweli ni Alidina Visram. Huyu alitoka Kutch, India, akiwa bado kijana mdogo, akaanzia kazi Bagamoyo kwa mfanyabiashara Sewa Haji Paroo, akafuata njia ya misafara, mwisho wa karne ya 19 akafungua Kampala. Usimfikirie mtu wa duka moja lenye mlango wa mabati. Alikuwa na matawi mtungo kufuata njia ya reli na kuzunguka ziwa, na zaidi ya kuuza alikuwa anatengeneza: karakana za samani, viwanda vya soda, vinu vya mafuta, mashine za kuchambua pamba, mashine za kupasua mbao. Akafariki 1916. Wewe unauliza duka la ghorofa nne, yule mzee zile ghorofa alizilaza chini, moja Mombasa, nyingine Kisumu, nyingine Kampala, nyingine Entebbe.

Reli ilikuwa imefika Kisumu 1901, mizigo ikawa inavuka ziwa mpaka Port Bell, na 1931 treni yenyewe ikaingia Kampala. Pamba nayo tangu 1903 na 1904 ilikuwa imeanza kuwapa wakulima hela mkononi. Mji wa biashara ukahama kutoka Old Kampala, chini ya ngome ya Mwingereza Lugard, ukapanda kuja upande wa Nakasero, na Kampala Road ikawa ndo barabara ya madirisha ya vioo. Wazee wa mjini bado wanalitaja Drapers, hilo ndo lilikuwa karibu zaidi na filamu zako, duka la nguo na mapambo la watu wa tabaka la juu. Mwafrika wa kawaida hakukatazwa na bango, alikatazwa na mfuko, na pia na jinsi alivyotazamwa akiingia. Yeye duka lake lilikuwa kwa Mhindi, kaunta ya mbao, kitambaa kinapimwa kwa yadi, na bei mnaelewana.

Mama yangu Jumapili baada ya misa alikuwa anatutembeza kwa miguu toka Nsambya mpaka Kampala Road kutazama madirisha. Kulikuwa na dirisha moja wamepanga meza ya kulia, viti sita, sahani zimewekwa na vijiko pembeni kama vile wageni wako njiani, na mama alikuwa anasogea mpaka pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo, alafu anakifuta kwa ncha ya leso, anasema haya twendeni. Kila Jumapili. Baba akaja kununua meza ya namna ile 1971, lakini kwa Mhindi wa mtaa wa nyuma, kwa kulipa kila mwezi, na hiyo meza inaniingiza kwenye barua ya pili.

Shikamoo mama. Babu yangu alikuwa mwanajeshi na mwaka 1972 alipewa duka la viti Kampala. Halikufika miaka miwili likafa. Nyumbani mpaka leo wanalumbana, wengine wanasema aliibiwa, wengine wanasema hakujua biashara. Nini kilitokea hasa? Mjukuu, Arua.

Marahaba mwanangu. Swali zito hili, nitalijibu polepole.

Mambo hayakuanza na Amin. Mwaka 1959 Buganda kulikuwa na mgomo, Augustine Kamya na chama chake cha Uganda National Movement waliwaambia watu wasinunue kwenye maduka ya wasio Waafrika, na watu wengi walitii, maduka ya vijijini yakafungwa. Kilio kilikuwa cha kweli: sisi tunalima pamba na kahawa, lakini jumla, rejareja, mashine, vyote viko mikononi mwa wengine. Serikali ya Obote nayo 1969 ikaweka sheria ya leseni za biashara iliyowabana wasio raia. Kwa hiyo kidonda kilikuwepo. Alichofanya Amin ni kukikata kwa panga.

Tarehe 4 Agosti 1972 akatangaza Waasia waondoke, wakapewa siku 90, mwisho tarehe 8 Novemba. Makumi ya maelfu wakaondoka, wengi wao wamezaliwa hapa hapa, wengine walikuwa na uraia wakanyang'anywa kwenye foleni ya kukagua makaratasi. Baada ya hapo kamati za maafisa zikawa zinapita barabarani zikigawa maduka, hesabu inayotajwa kwa biashara na mashamba yaliyogawiwa ni 5,655. Aliyepata duka ghafla watu walimwita mafuta mingi. Ni Kiswahili chetu cha mtaani kile, na kimeingia mpaka kwenye vitabu vya Kiingereza vya historia.

Sasa duka la babu yako. Hebu tulifungue. Duka la viti la mwaka 1972 lilikuwa limesimama juu ya mambo ambayo hayaonekani ukiingia mlangoni. Kuna mwenye mashine ya mbao anayetoa mbao leo na kulipwa baada ya mwezi kwa sababu anamjua mwenye duka toka zamani. Kuna mafundi, na wengi wa mafundi wakuu wa mbao mjini walikuwa Makalasinga, nao walifukuzwa kwa ndege zile zile. Kuna vitambaa vya makochi, gundi, skrubu, bawaba, vinatoka nje na vinataka pesa za kigeni. Na kuna daftari. Daftari la wanaolipa kila mwezi ndo lilikuwa moyo wa duka lote, kwa sababu mwalimu au polisi hawezi kutoa bei ya kabati siku moja. Babu yako alipewa funguo na bidhaa zilizokuwa ndani. Hakupewa mbao za kesho, hakupewa fundi, hakupewa daftari. Akauza vilivyokuwepo, na vilipoisha hakukuwa na pa kununua vingine, hata angekuwa na akili za Alidina Visram mwenyewe.

Watu wanapenda kusimulia kuhusu mwenye duka mpya aliyeuza shati kwa kutazama namba ya kola, kola ni 15 basi bei ni 15. Mimi sipendi inavyosimuliwa, kwa sababu inawafanya Waafrika wote waonekane wajinga wa biashara, wakati kabla ya hapo walikuwepo Waafrika wengi tu waliokuwa na maduka yao waliyoyajenga kwa jasho, na wao pia walizama kwenye shimo lile lile. Sukari ikapotea, sabuni ikapotea, bei ikawa ya magendo. Waambie ndugu zako wasilumbane juu ya kaburi la mzee.

Baba yangu alikuwa amebakiza malipo ya miezi miwili kwenye ile meza. Oktoba 1972 akavaa kofia yake akaenda kulipa, mama akamwambia kaa na hela yako, Mhindi anaondoka, nani atakudai? Alienda. Alikuta yule mzee anafunga vitabu vyake kwa kamba, akapokea hela, akaandika risiti kwa mkono akaipiga muhuri kama siku zote. Risiti hiyo ninayo. Wino umekuwa wa kahawia.

Alafu ikaja Aprili 1979. Tarehe 11 Watanzania na wapiganaji wetu waliingia Kampala, wakombozi tukawaita, Waganda mpaka leo wanasema bakomboozi, na siku zile zile mji ukafunguliwa ukaporwa. Nilikuwa na miaka 14. Niliona mwanamume anapanda kilima cha Nsambya na droo tatu kichwani, droo tu, bila kabati. Nyuma yake wanawake wawili wamebeba kochi refu na mtoto mdogo amekalishwa juu yake. Niliona mtu ana sanamu ya kuvalishia nguo, ile ya dirishani, amekumbatia kama mgonjwa. Naamini yale madirisha ya mama yangu yaliisha wiki ile.

Majengo yenyewe yalikuwa chini ya bodi ya kutunza mali za Waasia walioondoka, sheria ya kuwarudishia ikapitishwa 1982, lakini wengi walirudishiwa kweli kweli miaka ya 1990 chini ya serikali ya Museveni. Ndo maana ukitazama juu ya maduka ya katikati ya mji, pale ghorofani, unaona bado mwaka na jina la Kihindi vimechongwa kwenye sementi, na chini yake kuna vibanda 30 vya simu.

Dada, kila supamaketi kubwa nikiizoea inafungwa. Uchumi, Nakumatt, Tuskys, Shoprite, Game. Kampala ina mkosi? Mama watatu, Ntinda.

Hakuna mkosi mama watatu, kuna hesabu.

Shoprite ya Afrika Kusini ilikuja 2000. Uchumi ya Kenya ikafuata muda mfupi baadaye, ikakaa Garden City, na Oktoba 2015 ikafunga Uganda yote. Nakumatt ilikuja 2009 pale mol ya Oasis, ikasambaa mpaka Mbarara, ikaisha 2017. Shoprite wakatangaza kuondoka 2021 na Carrefour, ambao walikuwa wameanza hapa 2020, wakachukua maduka yao sita. Game ya Lugogo, ambayo kwangu ndo ilikuwa karibu zaidi na duka kuu lenye kila kitu, televisheni, mahema, friji, viti vya bustani, lundo zima la vitu, nayo ikafunga kufikia mwisho wa 2022.

Sababu hazifanani. Wale wa Kenya walizama kwa madeni, walipanuka haraka na wakawa hawalipi wanaowaletea bidhaa, na mletaji asipolipwa halumbani, anaacha tu kuleta. Ulikuwa unaiona kwenye rafu kabla gazeti halijaandika: kwanza maziwa yanapungua, alafu rafu nzima wanapanga karatasi za chooni za aina moja ili isionekane tupu. Wale wa Afrika Kusini waliamua hesabu za nchi za nje hazilipi, wakarudi kwao.

Na kuna jambo wageni walilochelewa kulielewa, mnunuzi wa Kampala ana Kikuubo, ule mtaa wa maduka ya jumla. Anaweza kununua sabuni katoni kwa bei ya jumla, agawane na jirani, apande boda arudi. Supamaketi anaingia siku ya mshahara, au siku ana mgeni. Wenyeji kama Capital Shoppers na Mega Standard wamekaa miaka yote hiyo kwa sababu wanamjua huyo mtu. Huo ni mtazamo wangu, lakini nimeutazama miaka mingi.

Ati Makerere ilianza kama chuo cha maseremala? Mwanafunzi, Gulu.

Kweli kabisa. Ilifunguliwa 1922 na vijana 14, masomo yalikuwa useremala, ujenzi na umakanika. Kwa hiyo anayekudharau kwa sababu unasoma ufundi mwambie chuo kikuu chetu chenyewe kilianza na randa na msumeno.

Mama, mimi ni binti wa Busia, nimepata kazi Kampala na nimepanga muzigo, yaani chumba kimoja, Kyaliwajjala. Nataka kitanda, kabati dogo na viti viwili. Wenzangu wanasema niende mol, wengine Nsambya au Bwaise kwa mafundi wa barabarani. Hela sio nyingi. Nifanyeje?

Hongera kwa kazi binti yangu. Nenda kwa fundi, ila nenda macho yako yakiwa wazi.

Nikwambie kwanza kwa nini sio mol. Nilinunua kabati jeupe kwenye duka moja la fahari, jina naliacha, linang'aa kama sahani, nikaliweka chumba ambacho ukuta wake unapata unyevu kidogo. Mvua za Aprili zikaja, mbao zile za unga wa kubandika zikanywa maji, chini pakavimba kama mkate, mlango ukakataa kufunga, na bawaba ikang'oka na kipande cha kabati, huwezi hata kupiga msumari tena kwa sababu hakuna cha kuushika. Sio kwamba vya kutoka nje vyote ni vibaya, na wapo wenye shorumu wanaotengeneza hapa hapa, Nina Interiors ya Alice Karugaba wameanza toka miaka ya 1990, Wakorea wa Hwan Sung wana kiwanda Kawempe. Lakini kwa mfuko wako, na tangu Julai 2022 Afrika Mashariki ilipopandisha ushuru wa samani kutoka nje kufika asilimia 35, kile utakachokimudu mol ndo kile dhaifu zaidi.

Sasa kwa fundi. Usianze na bei, anza na mti. Mvule ni mgumu, mchwa hauupendi, ila umekuwa adimu na ghali. Mugavu ni mzuri. Musizi ni mwepesi na laini, unatosha rafu. Paini ndo imejaa siku hizi, sio mbaya ikiwa imekauka. Kalitunsi, yaani mkaratusi, wanaificha ndani ya kochi chini ya kitambaa, na ikiwa mbichi inajipinda mpaka kochi linakaa upande. Mwambie fundi twende wote Ndeeba wanakouza mbao, ninunue mwenyewe, akikataa kabisa jiulize kwa nini.

Ukavu ndo kila kitu. Wazee wa kazi wanasema ubao wa inchi moja unataka karibu mwaka mzima kukauka kwa hewa. Nyanyua vipande viwili vya ukubwa mmoja, kilicho kizito zaidi bado kina maji. Ukiona vitundu vidogo na unga chini yake, hao ni wadudu, achana nao. Kitanda ukikikuta tayari kimeundwa, kipindue. Watu wanatazama vanishi, wewe tazama chini. Alafu chukua futi upime kona kwa kona, kisha zile kona nyingine mbili, namba zikilingana mraba uko sawa, zisipolingana kitanda kitalia kila ukijigeuza. Vuta droo mpaka itoke yote: kama mbao zimeunganishwa kwa meno yanayoshikana kama vidole vya mikono miwili, huyo ni fundi, mpe kazi yote. Kama ni misumari peke yake, punguza bei.

Lipa nusu, andikiana naye hata kwenye karatasi ya daftari, piga picha ya mbao zenyewe kabla hajazikata, na siku yake akisema Ijumaa wewe hesabu Jumatano inayofuata. Pale Nsambya kulikuwa na fundi mmoja aliyekuwa msaidizi wa Kalasinga mpaka 1972, bosi wake alipoondoka alimwachia randa moja ya chuma, naye akafungua kazi chini ya mti, akafundisha vijana, na hao wamefundisha wengine. Ukiona droo yenye meno pale Nsambya, inawezekana umeona mkono wa yule Kalasinga.

Entebbe maana yake ni kiti? Msomaji, Kasese.

Ndiyo. Entebe ni kiti kwa Kiganda, na jina linatokana na viti vya Mugula, mkubwa wa ukoo wa Mamba, pale alipokuwa anakaa kwenye mwamba akiamua kesi. Mji mzima una jina la samani, ndugu yangu, sijui nchi ngapi zina hiyo.

Mama, mzee wetu ametuachia meza kubwa ya mvule na viti vinane, ya tangu miaka ya 1960. Ndugu zangu wanataka kuiuza kwa fundi aikate atengeneze milango, ati mbao yake ina bei. Mimi roho inaniuma. Mzaliwa wa kwanza, Jinja.

Na ikuume, ina haki. Busoga yenu ilikuwa nchi ya mvule, mti ule unataka miaka mingi kufika unene wa kutoa ubao wa meza moja, na misitu ya Uganda kutoka asilimia 24 ya nchi mwaka 1990 ilishuka ikafika kama 9 mwaka 2015. Hiyo mbao mtakayoikata, pesa yake haitanunua meza kama hiyo tena. Waambie ndugu zako bei ya milango na bei ya meza nzima ni vitu viwili, watu wanatafuta meza za zamani siku hizi na wanalipa, kwa hiyo hata kama ni kuuza uzeni ikiwa nzima. Mimi ningesema kila mtoto achukue kiti kimoja na meza ikae kwa yule mwenye sebule kubwa.

Usiipake vanishi mpya juu ya ile ya zamani. Futa vumbi kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa sana, iache ikauke siku nzima mbali na jua, alafu paka mafuta ya kitani kidogo kidogo ukifuata mistari ya mbao. Viti vinavyolegea visipigwe misumari, vifunguliwe viungo, gundi ya zamani ikwanguliwe, vipakwe gundi mpya, vifungwe kwa kamba usiku kucha.

Na kabla ya yote hayo ipindueni meza, watu wanne, polepole, mtazame chini ya ubao kwenye kona karibu na mguu. Maduka ya wakati ule yalikuwa yanabandika kikaratasi chenye jina la duka na mtaa, au fundi ameandika kwa penseli. Kikiwa bado kipo msikikwangue. Kipige picha unitumie, na kama mzee alihifadhi risiti tafuteni kwenye Biblia au kwenye bati la biskuti, kwetu ndimo zilimokuwa.